Kidonge kabla ya chai: Kuishi na tezi iliyolegea Kisii na Nyamira

KATIKA milima ya Kisii na Nyamira, siku hufunguliwa kwa chai ya maziwa. Mvunaji wa majani chai huinywa kungali na umande shambani, mwanafunzi huinywa kabla ya kushika njia ya shule, na mgeni aliyebisha hodi asubuhi haruhusiwi kuondoka bila kikombe.

Desturi hiyo haina kosa lolote, ila kuna kundi la wagonjwa ambao kikombe hicho kinaweza kuwanyima tiba. Hawa ni watu ambao tezi yao ya thairoidi imelegea na wanaotakiwa kumeza kidonge kimoja kidogo kila siku maishani mwao. Wakikimeza pamoja na chai, kiasi kikubwa cha dawa hupita tumboni bila kuingia katika damu, na mgonjwa hubaki akilalamika kwamba anatumia dawa lakini hapati nafuu.

Ugonjwa wenyewe hauambukizi, na tiba yake imejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Linalowashinda wengi ni kuipanga tiba hiyo ndani ya maisha ya kila siku, katika nyumba zenye saa zake za kula, uchumi wake na imani zake.

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo husafiri katika damu na kufika karibu kila sehemu ya mwili. Homoni hiyo ndiyo huamua kasi ya mwili kutumia chakula, kutoa joto, kupiga moyo na hata kufikiri.

Tezi ikilegea, mwili huwa kama jiko lililopunguziwa kuni. Moto haujazimika, lakini chungu hakichemki. Mgonjwa huchoka bila kufanya kazi nzito, huongezeka uzito ingawa hali sana, hufunga choo, ngozi hukauka, nywele hunyonyoka na sauti huwa nzito. Uso huvimba, hasa chini ya macho. Mapigo ya moyo hupungua kasi. Wanawake wengi hupata hedhi nyingi kuliko kawaida, na wengine hukaa miaka bila kushika mimba.

Shida ni kwamba hakuna hata moja kati ya dalili hizo iliyo ya ugonjwa huu pekee, na zote huja polepole, kwa miezi au miaka. Mwanamke aliyejifungua akisema amechoka, ataambiwa kila mama huchoka. Mwalimu akiongezeka uzito, majirani watasema amenawiri. Na katika sehemu za Nyamira zilizo juu zaidi, ambako mwezi wa Julai kila mtu hutembea amejifunga sweta na koti, ni nani atakayemshangaa mtu anayesema anasikia baridi?

Kwa sababu hiyo, wengi hutibiwa kwanza maradhi mengine: upungufu wa damu, vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, au huzuni iliyopindukia. Wakati mwingine maradhi hayo yapo kweli, lakini ni matawi tu ya mti ambao shina lake halijaguswa.

Chumvi ilifanya kazi yake

Mtu akitaja ugonjwa wa thairoidi mbele ya wazee wa nyanda za juu, jambo la kwanza wanalokumbuka ni rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengi huuita goita. Wanayo haki ya kukumbuka hivyo.

Tezi ya thairoidi haiwezi kutengeneza homoni bila iodini, madini ambayo mwili huyapata katika chakula. Iodini ni nyingi baharini na katika samaki wa bahari, lakini kwenye milima yenye mvua nyingi maji huiosha kutoka kwenye udongo. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baadhi ya sehemu za kaunti hizi mbili hupita mita 2,000. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha chai na ndizi, na ndiyo hiyo hiyo inayoondoa iodini mashambani.

Tafiti zilizofanywa katika miaka ya 1960 zilionyesha kwamba rovu lilikuwa limeenea katika nyanda za juu za Kenya na za nchi jirani. Tezi iliyokosa iodini hujitanua ikijaribu kukusanya hata ile kidogo inayopita, na hivyo ndivyo shingo huvimba.

Mwaka wa 1978 sheria ya Kenya iliwalazimisha watengenezaji kutia iodini katika chumvi ya chakula, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwango kikaongezwa. Ni hatua iliyofaulu kuliko nyingi zilizopigiwa kelele zaidi. Chumvi nyingi inayotumika nchini hutoka katika mabwawa ya maji ya bahari huko Gongoni na Marereni, Kaunti ya Kilifi, na kwa kuwa viwanda vyenyewe ni vichache, ilikuwa rahisi kuvifuatilia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 1994 ulikuta takriban asilimia 16 ya watoto waliopimwa wana rovu. Kufikia mwaka wa 2004 idadi ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 6. Siku hizi karibu kila nyumba nchini hutumia chumvi yenye iodini.

Ushindi huo, hata hivyo, umeacha dhana moja yenye madhara. Wapo wanaoamini kwamba kila ugonjwa wa thairoidi unatokana na upungufu wa chumvi, na kwamba mgonjwa akiongeza chumvi katika mboga au akinywa matone ya iodini yanayouzwa barabarani atapona. Mahali ambapo chumvi tayari ina iodini, jambo hilo halisaidii. Iodini ikizidi inaweza hata kuilegeza zaidi tezi iliyokwisha kudhurika, na chumvi ikizidi hupandisha shinikizo la damu.

Pale ambapo iodini inatosha, chanzo kikuu cha ulegevu wa tezi ni kinga ya mwili yenyewe. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupambana na viini, hukosea na kuishambulia thairoidi kana kwamba ni adui. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Hashimoto, kwa jina la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza mwaka wa 1912. Wanawake huathirika mara tano hadi nane kuliko wanaume, na mara nyingi ugonjwa hujitokeza katika familia: mama, shangazi, kisha binti.

Kundi la pili ni la watu waliotibiwa rovu, saratani au tezi yenye kasi kupita kiasi. Mtu aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji hana kiwanda tena cha kutengeneza homoni. Aliyetibiwa kwa iodini yenye mionzi naye mara nyingi tezi yake hulegea baada ya miezi au miaka. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu mgonjwa huona kovu limepona, shingo imenyooka, naye huhesabu kwamba safari ya hospitali imekwisha. Kwa hakika, safari ya kidonge ndiyo kwanza inaanza.

Dawa pia huchangia. Lithiamu, inayotumika kwa baadhi ya maradhi ya akili, amiodaroni ya moyo, na baadhi ya dawa za kifua kikuu sugu zinaweza kuilegeza tezi. Mgonjwa anayezitumia hafai kuziacha. Anachohitaji ni kupimwa damu mara kwa mara.

Je, mboga za kienyeji zina makosa? Swali hili huulizwa sana, hasa kwa sababu chinsaga, mboga ambayo kwa desturi ya Abagusii hupikiwa mama aliyejifungua, ina undugu na kabeji, na jamii hiyo ya mimea ina viungo vinavyoweza kuizuia thairoidi kutumia iodini.

Jibu linapatikana mbali kidogo, katika kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Watafiti waliofika huko katika miaka ya 1960 walikuta jambo la ajabu: wakazi wa kisiwa kizima walikuwa na upungufu wa iodini, lakini rovu lilikuwa limejaa kaskazini na kuwa haba upande wa kusini magharibi. Baadaye lawama iliangukia muhogo ambao haukuandaliwa ipasavyo. Sumu iliyomo katika muhogo hugeuzwa na mwili kuwa kitu kinachoziba njia ya iodini. Lakini sumu hiyo iliwaumiza watu kwa sababu iodini ilikuwa haba tangu mwanzo. Palipo na iodini ya kutosha, na mboga ikichemshwa vizuri kama wafanyavyo akina mama wa Kisii, hakuna sababu ya mgonjwa kuiacha chinsaga, rinagu wala kabeji.

Hesabu inayopanda tezi ikishuka

Daktari akishuku ugonjwa huu, huagiza damu ipimwe kiwango cha TSH. Kipimo hicho huwachanganya wagonjwa kwa sababu tezi inapolegea, namba hupanda.

Maelezo yake ni rahisi. TSH haitoki katika thairoidi. Ni amri inayotumwa na tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, ikiiambia thairoidi ifanye kazi. Mwenye nyumba akimwita mtumishi asiyesikia, hupaza sauti. Mtumishi akizidi kunyamaza, kelele nazo huongezeka. Kwa watu wazima wengi, kiwango cha kawaida huwa kati ya 0.4 na 4, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Namba ikiwa juu sana na thairoksini ikiwa chini, hakuna shaka tena. Ikiwa juu kidogo tu, mara nyingi daktari husubiri na kurudia kipimo kabla ya kuanza tiba, kwani kuna wanaorudi kawaida bila dawa.

Sampuli inaweza kuchukuliwa katika hospitali kubwa kama Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na pia katika maabara za kibinafsi mjini. Bima ya NHIF ilikoma mwaka wa 2024 na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mgonjwa hana budi kuuliza mapema hospitalini ni huduma zipi zitakazolipiwa na zipi atakazolipa mwenyewe.

Tahadhari moja kwa wanawake ambao nywele zimenyonyoka: vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini kwa wingi vinaweza kupotosha majibu ya maabara, ikaonekana tezi iko salama au ina kasi kumbe imelegea. Viachwe angalau siku mbili kabla ya damu kuchukuliwa, na mhudumu aambiwe.

Kuhusu tiba, historia yake inafaa kukumbukwa. Mwaka wa 1891 daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, George Murray, alimdunga mgonjwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mgonjwa huyo, mwanamke wa makamo aliyekuwa amevimba na kuzubaa, alipata nafuu na akaishi miaka 28 zaidi kwa tezi za kondoo. Mwaka wa 1914 Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga homoni yenyewe, na mwaka wa 1927 Charles Harington na mwenzake George Barger wakaiunda katika maabara. Wagonjwa wa leo hawahitaji kondoo.

Dawa inayotumika ni levothairoksini, ambayo katika maduka ya dawa huuzwa kwa majina kama Eltroxin na Euthyrox. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa umbo haina tofauti na homoni ambayo tezi yenyewe ingetengeneza, na ndiyo maana ikitolewa kwa kipimo sahihi huwa haina madhara ya kuogofya. Madhara huja kipimo kikizidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupotea na, kwa muda mrefu, mifupa kudhoofika.

Kipimo huhesabiwa kwa mikrogramu, kwa kuangalia uzito, umri na hali ya moyo. Kijana mwenye afya anaweza kuanzishiwa kiasi kamili, lakini mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na mikrogramu 25 au hata nusu yake, kisha kuongezewa taratibu. Hivyo si busara mgonjwa mmoja kumgawia mwenziwe vidonge kwa sababu tu wote wawili wana thairoidi.

Saa moja ya asubuhi

Levothairoksini huingia katika damu vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Ushauri wa kawaida ni kuimeza kwa maji matupu, kisha kusubiri kati ya dakika 30 na saa nzima kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Kahawa, maziwa, soya na vyakula vyenye nyuzi nyingi hupunguza kiasi kinachoingia, na chai yenye maziwa mengi imo katika kundi hilo.

Sasa na tufikirie mkulima wa Kebirigo au Nyamache ambaye lazima awe kwenye majani chai alfajiri. Akiamka saa kumi na moja na kuondoka dakika 20 baadaye, hana saa nzima ya kusubiri. Uji wake wa asubuhi, ikiwa ni wa wimbi uliochanganywa na soya, unaongeza tatizo. Kumwambia tu asinywe chai ni kumpa ushauri ambao hataufuata kwa juma moja.

Zipo njia mbili zinazofaa zaidi. Ya kwanza ni kuweka kidonge na gilasi ya maji kando ya kitanda, na kukimeza pale anapoamka kwenda haja usiku wa manane au jogoo wanapowika. Ya pili ni kukimeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha jioni. Utafiti uliochapishwa na madaktari wa Uholanzi mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa waliomeza dawa usiku walipata viwango vizuri vya homoni, hata kuwashinda kidogo waliomeza asubuhi. Kwa wanaokula ugali saa mbili na kulala saa tatu njia hii haifai, lakini kwa wanaokula mapema inaweza kuwa mkombozi. Jambo kuu ni kuchagua saa moja na kudumu nayo.

Vipo pia vidonge visivyopaswa kukutana na levothairoksini tumboni. Madini ya chuma na kalsiamu huinasa dawa hii, na lazima pawe na nafasi ya saa nne kati yao. Dawa za kutuliza asidi tumboni, ambazo katika maduka ya Kisii na Keroka hununuliwa kama peremende, nazo hupunguza nguvu yake. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huifanya imalizike haraka mwilini, kwa hiyo huenda kipimo kikahitaji kuongezwa. Mgonjwa anayeenda kwa daktari mwingine kwa maradhi mengine amwambie kwanza kwamba anatumia dawa ya thairoidi.

Baada ya kuanza dawa au kubadilisha kipimo, damu hupimwa tena kati ya majuma sita na manane. Kabla ya hapo majibu hayana maana kubwa. Hali ikishatulia, kipimo kimoja kwa mwaka hutosha kwa wengi. Nafuu nayo haiji usiku mmoja: nguvu huanza kurejea katika majuma machache, lakini nywele, ngozi na uzito huchukua miezi.

Mtego mkubwa uko hapa. Levothairoksini huondoka mwilini polepole mno. Baada ya siku saba nusu yake bado imo. Aliyesahau kidonge cha jana hatahisi lolote. Aliyeacha kwa juma zima pia anaweza kujiona mzima, na hapo ndipo huanza kuamini maneno ya rafiki, ya mganga wa mitishamba au ya mhubiri kwamba amepona. Ugonjwa hurudi baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa mwendo ule ule wa kunyemelea, na mgonjwa hauhusishi na dawa aliyoiacha. Akirudi hospitalini husema ana uchovu tu.

Wengine huacha si kwa imani bali kwa sababu ya mfuko. Kidonge kimoja si ghali kama dawa za saratani, lakini ni cha kila siku, na nauli ya matatu kwenda mjini huongeza gharama. Kwa kuwa dawa hii hukaa vizuri ikiwekwa mahali pakavu, pasipo na joto wala mwanga, familia za wakulima wa chai zinaweza kununua ya miezi kadhaa malipo yanapoingia, badala ya kununua vidonge kumi kumi. Isiwekwe karibu na jiko, wala isihamishiwe katika karatasi au chupa nyingine. Na ikiwezekana mgonjwa abaki na aina moja ya kampuni. Akibadilisha, amwambie daktari ili damu ipimwe upya.

Mama, mtoto na mzee

Kwa mwanamke mjamzito, dawa hii ni ya watu wawili. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za mama pekee ili ubongo wake ujengeke. Mahitaji ya mama hupanda mapema, mara nyingi kwa karibu asilimia 30. Kwa hiyo anayetumia levothairoksini hapaswi kungoja hadi tumbo lionekane ndipo aende kliniki. Aende mara tu anapogundua ameshika mimba, na kwa vyovyote asiache dawa kwa hofu kwamba itamdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kuikosa.

Kliniki hiyo hiyo itampa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kama ilivyo desturi nchini. Ni dawa nzuri, lakini zikimezwa pamoja na ile ya thairoidi huivuruga. Njia nyepesi ni moja alfajiri na nyingine jioni. Akiisha kujifungua, kipimo hurudishwa kilipokuwa na damu hupimwa tena. Kunyonyesha hakuna tatizo.

Kwa wazee, ulegevu wa tezi huvaa sura nyingine. Bibi anayesahau majina ya wajukuu, anayezungumza kwa sauti nzito ya kukwaruza, aliyevimba uso na anayejitenga, huenda ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Huenda pia ana thairoidi iliyolegea, ambayo inatibika. Kote duniani madaktari huagiza kipimo cha thairoidi kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, kwa sababu ni aibu kukosa kitu kinachotibika kwa kidonge.

Katika Kaunti ya Kisii jambo hili lina uzito wa pekee. Mwezi Mei 2008 zaidi ya watu 10, wengi wao wanawake wazee, waliteketezwa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa tuhuma kama hizo. Hakuna anayeweza kusema kwamba marehemu hao walikuwa wagonjwa, na hata mtu mwenye afya kamili hastahili kifo hicho. Lakini mahali ambapo mzee anayebadilika tabia anaweza kuogopwa na majirani, ni wajibu wa watoto wake kumfikisha hospitalini mapema, na kuwaeleza jirani jina la ugonjwa wake.

Mwisho kabisa ni mtoto mchanga. Duniani, takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa akiwa na tezi isiyofanya kazi au asiyekuwa nayo kabisa. Mtoto huyo huonekana mzima siku ya kwanza kwa sababu bado ana akiba ya homoni za mama. Dawa ikianza katika majuma mawili ya kwanza, anaweza kukua na akili timamu kama wenzake. Ikichelewa kwa miezi, kile ambacho ubongo umepoteza hakirudi.

Nchi nyingi tajiri tangu miaka ya 1970 zimekuwa zikimtoboa kila mtoto kisigino na kupima tone la damu kabla hajatoka hospitalini au siku chache baadaye. Nchini Kenya kipimo hicho bado si desturi katika hospitali nyingi za umma, na kwa hiyo macho ya mama, ya bibi na ya mkunga ndiyo kinga iliyopo. Yapo ya kuangalia: umanjano wa macho na ngozi unaozidi majuma mawili, kufunga choo, kitovu kilichotokeza, ulimi mkubwa, kilio cha sauti nzito, mwili uliolegea, na kulala mno hata mtoto akawa lazima aamshwe anyonye.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo hudanganya zaidi. Mtoto asiyelia usiku husifiwa kuwa mtulivu, na mama yake huambiwa ana bahati. Akiwa na hata dalili mbili kati ya hizo, apelekwe hospitalini juma hilo hilo, na mzazi aombe kwa jina kipimo cha TSH. Kikithibitisha ugonjwa, kidonge husagwa, kikachanganywa na maji kidogo au maziwa ya mama, na mtoto akapewa kwa kijiko mara moja kila siku.

Asichanganyiwe katika maziwa ya kopo yenye soya, wala asitiliwe katika chupa nzima ambayo huenda asiimalize.